Je, tufute kipindi cha ushuhuda ili ibada iwe na utaratibu?

Mzee wa kanisa, Nakuru:

Ndugu na dada, nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo baraza la wazee wa kanisa letu, huku upande wa Kaptembwo, litaliamua kabla ya mwezi kwisha, nami nisingependa tuliamue kwa sababu ya uchovu tu.

Kanisa letu lilianzia sebuleni kwa mtu. Enzi hizo aliyekuwa na wimbo aliuanzisha, aliyekuwa na ombi alilitaja, na aliyetendewa jambo na Mungu alilisimulia, kisha sote tukaomba. Sasa tumejenga, tuna kwaya mbili na kikundi cha sifa, na mahubiri ya Kiswahili hutafsiriwa kwa Kikuyu kwa ajili ya wazee wetu. Hata hivyo tulibaki na desturi ile ya sebuleni: kabla ya mahubiri kiongozi wa ibada huuliza nani ana ushuhuda, na maikrofoni hupelekwa kwa yeyote anayenyoosha mkono.

Matokeo yake ndiyo yanayonisumbua. Hivi karibuni mama mmoja mjane, anayeuza mboga sokoni, alinyoosha mkono tangu kipindi kilipofunguliwa. Maikrofoni ilipewa kwanza ndugu mmoja ambaye hushuhudia karibu kila Jumapili. Alieleza safari yake, akaeleza kiwanja alichonunua, akafungua Biblia na kuanza kufundisha, na alipomaliza kiongozi wa ibada aliangalia saa na kusema kwamba muda umekwisha. Yule mama akateremsha mkono. Baada ya ibada aliniambia mlangoni kwamba binti yake alikuwa amejifungua kwa shida kubwa na siku ile ndiyo alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini, naye alitaka tumshukuru Mungu pamoja naye, basi.

Baadhi ya wazee wanapendekeza kipindi hiki kifutwe kabisa, ibada ifuate karatasi iliyochapishwa, na wanaosema mbele ya watu wawe mhubiri, kiongozi wa ibada na msomaji wa matangazo. Wengine wanasema kufanya hivyo ni kumzimisha Roho. Kila upande una andiko lake, na vikao viwili vimekwisha bila kuelewana. Je, Maandiko yanatuelekeza wapi, na ninyi mmefanyaje katika makanisa yenu?

Mwalimu wa shule ya Biblia, Kisumu:

Mzee wetu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kura kupigwa. Nadhani naweza kuyakisia maandiko yenu mawili. Wanaotaka utaratibu wanasoma 1 Wakorintho 14:40, kwamba mambo yote yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu. Wanaotaka uhuru wanasoma mstari wa 26 wa sura iyo hiyo, kwamba waumini wakutanapo kila mmoja ana zaburi, ana fundisho, ana ufunuo, ana lugha, ana tafsiri. Ni barua moja na hoja moja ya mwandishi mmoja. Paulo hakuandika mstari wa 40 ili kuufuta mstari wa 26. Aliuandika ili ule wa 26 uweze kutekelezwa katika kusanyiko lenye watu wengi wenye hamu ya kusema.

Liombeni baraza lisome polepole yale yaliyo katikati. Wanaonena kwa lugha wawe wawili, wakizidi sana watatu, tena kwa zamu, na mmoja afasiri; asipokuwapo mwenye kufasiri, mnenaji anyamaze na kusema na nafsi yake na Mungu. Manabii nao wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Kisha linakuja agizo ambalo katika makanisa yetu halihubiriwi sana, katika mstari wa 30: mtu aliyeketi akifunuliwa neno, yule wa kwanza anyamaze. Tazameni amri hizo zinamfunga nani. Karibu zote zinamfunga yule aliyekwisha kupata nafasi ya kusema. Katika habari uliyotueleza, mtu ambaye utaratibu wa Paulo ungemketisha ni yule ndugu mwenye kiwanja, na mtu ambaye ungemsimamisha ni mama muuza mboga. Wazee wanaotaka kufuta kipindi wanawaadhibu wote wawili kwa kosa la mmoja.

Mstari wa 32 pia utawasaidia, kwa maana unasema roho za manabii huwatii manabii. Hakuna awezaye kudai kwamba Roho amemshika hata hawezi kukomea njiani. Kujizuia kumo ndani ya uwezo wa anayenena, na kanisa lina haki ya kumtaka ajizuie.

Tusisahau pia kwamba fujo ya Korintho haikuwa ya lugha pekee. Katika sura ya 11 waliokuwa na chakula walitangulia kula, maskini wakabaki na njaa, na Paulo aliwaagiza wangojane. Naamini tatizo lenu lina mzizi uo huo: wenye kifua na ulimi mwepesi hutangulia, na wengine hubaki na njaa.

Kuhusu kanisa la baadaye, Justin Martyr, mwandishi Mkristo wa mwanzo, akiandika Rumi karibu na mwaka 155, anaeleza ibada ya Jumapili ya wakati wake. Maandiko yalisomwa kadiri muda ulivyoruhusu, kiongozi akafundisha, kisha watu wote wakasimama na kuomba pamoja; baada ya sala ya shukrani kusanyiko lote liliitikia Amina, na mashemasi waliwapelekea sehemu yao wale ambao hawakuwapo. Kiongozi alikuwapo tayari, wala hakuna aliyeona kwamba uwepo wake unawaondolea watu sauti. Mafundisho ya Mitume, yaitwayo Didakhe, ni ya zamani hivyo au zaidi. Yanaruhusu manabii washukuru kwa kadiri wapendavyo, lakini yanaamuru wapimwe kwa mwenendo wao, na nabii anayeomba fedha kwa ajili yake mwenyewe anahesabiwa kuwa wa uongo. Kupima huku ndiko ninakoona kumepotea kwetu, hata katika makanisa ambayo ibada zake huanza na kumalizika kwa saa. Nchi yetu ilifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola kuanzia mwaka 2023, ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa. Siwezi kuzungumzia utaratibu wa kanisa bila kukumbuka kwamba sauti moja isiyopimwa na yeyote inaweza kuwa na utulivu mkubwa kwa nje.

Rafiki, Vihiga:

Mwalimu amefafanua vyema, nami nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Wasiwasi wangu ni kwamba kanuni nzuri mikononi mwa viongozi wenye hofu hugeuka kuwa kufuli, na sisi wa huku tunalijua hilo kwa historia yetu wenyewe.

Wamisionari wa Marafiki, yaani Wakristo waitwao Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902. Marafiki wa mwanzo kule Uingereza waliabudu kwa kukaa kimya bila mhubiri aliyepangwa, na yeyote aliyesukumwa na Roho alisimama na kunena. Utaratibu uliojengeka hapa kwetu ulikuwa tofauti: tuna nyimbo, tuna mahubiri, tuna wachungaji, na kimya kimebaki dakika chache kati ya kipindi na kipindi, ikiwa kimebaki. Mwaka 1927 uamsho ulizuka Kaimosi. Watu waliungama dhambi hadharani, waliomba kwa sauti kuu, wengine walinena kwa lugha. Uongozi uliona machafuko na ukaamua kuyazuia. Waliozuiwa hawakuacha kuomba. Walijitenga polepole, na makanisa ya Roho Mtakatifu ya Magharibi mwa Kenya yanafuatilia asili yake hadi uamsho ule. Sisemi kwamba kila kilichotendeka mle kilikuwa sawa. Nasema kwamba hakuna aliyekaa nao kwa subira ili kupambanua, kama Mwalimu anavyotukumbusha, na mgawanyiko ule tunao mpaka leo katika familia zetu.

Tena tuwe waangalifu na kile tunachokiita fujo. Pale Nyang'ori, Daudi Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942. Waumini wake huenda ibadani kwa maandamano, wamevaa meupe, wana ngoma na bendera, na mpita njia asiyewajua anaweza kudhani ni vurumai. Ukiwatazama kwa makini utaona safu, utaona nani anatangulia na nani anafuata, na wimbo hauanzishwi ovyo. Ule ni utaratibu ambao watu wameubeba miilini mwao, na una nguvu kuliko karatasi ya kuchapishwa.

Ushauri wangu kwako, mzee, ni huu. Rudisheni kimya. Mtu akimaliza kushuhudia, asisimame mwingine mara moja wala kinanda kisipigwe. Kusanyiko likae kimya kwa dakika moja na kuyapokea aliyoyasema. Msemaji wa maneno mengi huona haya mbele ya kimya, na mwoga hupata ujasiri. Mikutano yetu ya kushughulikia mambo ya kanisa huendeshwa hivyo hivyo bila kura, karani akisikiliza mpaka atambue nia ya pamoja, na yule ambaye hajasema hutazamwa na kuulizwa. Ni kazi ya polepole na inachosha, lakini anayeondoka pale huwa amesikilizwa.

Katekista, Njoro:

Tumsifu Yesu Kristo. Nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ibada yetu ina muundo usiobadilishwa na baraza la mahali.

Mzee, huenda kosa ni kutaka Jumapili ibebe kila kitu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ulitaka waamini washiriki kikamilifu, kwa kufahamu na kwa matendo. Hatukuelewa kwamba kila mmoja apewe maikrofoni. Tulielewa kwamba watu waitikie wakijua wanachoitikia, waimbe badala ya kusikiliza kwaya tu, walei wasome masomo, maombi ya waamini yawe maombi ya waamini kweli, na matoleo yaletwe na mikono yao. Mtu anaweza kushiriki kwa ukamilifu bila kusema neno lililo lake peke yake.

Kwa mambo kama lile la binti wa yule mama, sisi tuna jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, shirikisho la mabaraza yao, walizipa kipaumbele katika miaka ya 1973 na 1976. Majirani wa mtaa mmoja hukutana katikati ya wiki nyumbani kwa mmoja wao, Injili ya Jumapili husomwa, kila mmoja hutaja neno lililomgusa, kisha wanaulizana nani anaumwa, nani amefiwa, nani amepata mtoto. Mama yule angeshukuru mbele ya watu wanaomjua mtoto wake kwa jina, na huenda kesho yake wangefika na unga na sabuni. Nakiri kwamba katika jumuiya nyingi huku Njoro wanaume huja kwa uchache mno, na bado hatujapata dawa. Lakini ninyi mlianzia sebuleni. Rudini kwenye sebule kumi, na Jumapili itapumua.

Mama wa Umoja wa Akina Mama, Butere:

Bwana asifiwe. Nimesoma kwa makini, na kwa heshima yote ningependa kumjibu katekista kwanza. Jumuiya za nyumbani ni njema, na kwetu zipo. Lakini katekista mwenyewe amesema wanaume hawaji. Basi tukihamisha shuhuda zote majumbani, akina mama watashuhudia mbele ya akina mama, na Jumapili itabaki ya wale wanaosikika tayari. Furaha ya mjane inapaswa kusikika na wazee wa kanisa, na mweka hazina naye asikie, kwa sababu wao ndio wanaoamua kanisa litamsaidia nani. Sina nia ya kufungua hapa ubishi wa 1 Wakorintho 14:34, mstari unaosema wanawake wanyamaze kanisani; naomba tu usomwe pamoja na 11:5, mahali Paulo anapozungumzia mwanamke anayesali na kuhutubu kusanyikoni kama jambo linalofanyika.

Nililelewa katika ushirika wa ndugu wa uamsho, ule uliotoka Rwanda na kuingia Kenya mwaka 1937. Wengi wanaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza na kwa kutembea nuruni, yaani kuungama mbele ya wenzako. Kasisi na mfanyakazi wa shamba waliketi benchi moja, na mwanamke asiyejua kusoma aliweza kusema jambo ambalo kasisi aliinamisha kichwa kulipokea. Watu husahau jinsi ulivyokuwa na nidhamu. Katika ushirika wetu, mtu alipoanza kujisifu ama kuhubiri badala ya kushuhudia, mmoja wa ndugu wakubwa alianzisha Tukutendereza taratibu, wote wakaitikia, na msemaji akaketi bila kuaibishwa. Hakuna aliyehitaji karatasi. Najua uamsho ule nao ulileta mfarakano. Kundi la uamsho lililoitwa Johera lilitoka kwa Waanglikana mwaka 1957 na kuunda Church of Christ in Africa. Ila hilo halinifanyi nisahau kwamba mle ndani nilijifunza kusema ukweli kwa maneno machache.

Sasa naomba niseme jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Katika makanisa mengi yanayolalamika kwamba ushuhuda unakula muda, mwanasiasa akiingia katikati ya ibada huinuliwa, hukaribishwa mbele, hupewa maikrofoni na husema mpaka atosheke, na muda wake hauhesabiwi. Mwezi Septemba 2021, hapa Butere, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, wa kwanza mwanamke kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwakataza wanasiasa kuhutubia kutoka mimbarini, ijapokuwa wakubwa walikuwapo. Wengine walinung'unika. Mimi nilifurahi, kwa kuwa utaratibu ulitumika kumzuia mwenye majukwaa mengine mengi. Mzee, kabla baraza lenu halijafuta ushuhuda wa muuza mboga, liulizeni linaweka kikomo gani kwa mgeni wa heshima, kwa mchango wa harambee na kwa matangazo. Nina hakika dakika mnazozitafuta zimo humo.

Kwa vitendo, kwetu hufanyika hivi. Dada mmoja mwenye busara huketi karibu na mlango kabla ya ibada, na mwenye ushuhuda humweleza kwa sentensi mbili. Dada huyo huchagua wawili au watatu, akitanguliza wale ambao hawajasikika kwa muda mrefu. Kiongozi wa ibada husimama kando ya anayeshuhudia na kuishika maikrofoni mwenyewe. Haiachi mkononi mwa anayeshuhudia. Anayependa kusema kwa lugha ya mama husema, na mkalimani yupo. Hakuna kuomba fedha na hakuna kufundisha. Waliobaki hutajwa kwa majina katika maombi, kila mmoja na jambo lake, ili asirudi nyumbani na mkono alioushusha. Ibada yenyewe hufuata kitabu. Katika ibada yetu ya Komunyo ya mwaka 1989 kuna baraka ya mwisho ambapo kusanyiko lote huyatupa matatizo yake kuelekea msalabani kwa mkono, na sijaona mtu aliyebaki mtazamaji wakati huo, hata watoto.

Mzee wa kanisa, Nakuru:

Nawashukuru sana, hasa wewe mama wa Butere, kwa kutugusa mahali palipouma. Nimeuliza tayari, na kweli muda wa matangazo pamoja na salamu za wageni unazidi muda wa ushuhuda. Nitapeleka mbele ya baraza pendekezo la dada wa mlangoni, la kiongozi kushika maikrofoni, na la dakika ya kimya, na nitaomba kikomo hicho hicho kiwahusu wageni wa heshima wote bila kujali cheo. Vikundi vya mitaa pia tutavianzisha, kwa sharti kwamba kila kikundi kiwe na mzee mwanamume anayehudhuria.

Limebaki swali moja ambalo najua nitaulizwa kikaoni. Itakuwaje mtu akisimama katikati ya ibada bila kuandikishwa, akasema ana neno kutoka kwa Bwana?

Mwalimu wa shule ya Biblia, Kisumu:

Mzee, hapo ndipo mstari wa 29 wa 1 Wakorintho 14, ule unaosema manabii wanene na wengine wapambanue, unapofanya kazi. Nisingewashauri mumzuie kwa nguvu, wala kumpeleka ofisini ili wazee wawili waamue kimya kimya kama neno lake lisikike, kwa sababu kupambanua kunakotajwa pale hufanywa na kusanyiko, baada ya kusikia. Kiongozi wa ibada amwombe asubiri mwisho wa mahubiri. Kama roho yake inamtii, ataweza kusubiri. Zamu yake ikifika aseme kwa ufupi, kisha kiongozi awaulize waziwazi watu waliokomaa katika imani, wanaume kwa wanawake, kama neno hilo linapatana na Maandiko na kama linajenga. Likiwa linamtaja mtu kwa jina, linatabiri kifo ama ndoa, au linadai fedha, lisipokelewe, na watu waambiwe siku ile ile kwamba halikupokelewa na sababu yake. Mkiliacha lipite bila kusema lolote, litafika sokoni kabla yenu kufika nyumbani, likiwa limebeba jina la kanisa.